Tangi la choo likijaa, usimwite mtu wa ndoo

JE, wajua mara ya mwisho tangi la maji taka la nyumba unayoishi lilinyonywa lini? Wengi wetu hatujui. Tunavuta maji, uchafu unapotelea shimoni, na tunasahau habari hiyo mpaka siku maji yanaporudi juu na harufu kuenea ploti nzima. Hapo ndipo watu huanza kukimbia huku na huko, na aghalabu anayeitwa ni yule aliye karibu na anayetoza pesa kidogo.

Jambo hili linawahusu watu wengi nchini Kenya. Mitaa mingi inayozidi kupanuka, kama vile Kitengela, Ongata Rongai na sehemu nyingi za Mombasa, ina nyumba nyingi ambazo hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Usafi wa majumba hayo hutegemea tangi lililofukiwa uani na gari la kulinyonya.

Kwanza, elewa tangi lako linavyofanya kazi. Uchafu ukiingia, vitu vizito hutua chini na kuwa tope. Mafuta na povu huelea juu. Maji yaliyobaki katikati hutoka kwa bomba na kwenda katika shimo la kufyonzea, ambako huingia ardhini. Bakteria waliomo humeng'enya sehemu ya uchafu huo, lakini si wote. Tope huongezeka mwaka hadi mwaka. Lisipoondolewa, hufuata maji hadi shimo la kufyonzea na kuziba udongo. Ukifika hapo, gharama ya kuchimba shimo jingine itazidi mara nyingi ile uliyokuwa ukiikwepa.

Kwa nyumba ya jamaa moja, tangi huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Ploti yenye wapangaji wengi haiwezi kungoja muda huo. Dalili za kuangalia ni hizi: maji ya choo kuteremka polepole, harufu mbaya uani, na nyasi kuwa mbichi kupita kiasi juu ya shimo la kufyonzea hata wakati wa kiangazi.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Wako wenye nyumba wanaowapa vijana ndoo na kamba ili wateremke tangini usiku. Msomaji, usikubali jambo hili lifanyike kwako. Uchafu unaooza hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama shimoni. Inapokuwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani harufu imekwisha kumbe ndipo hatari imezidi. Akivuta pumzi chache anaweza kuzirai na kufa. Imo pia methani, ambayo hushika moto kwa kijiti cha kiberiti tu au sigara.

Mara nyingi hafi mmoja. Wa kwanza akianguka, mwenzake huruka ndani kumwokoa, naye huanguka. Ndugu wa tatu hufuata. Ukiona mtu amezirai tangini, usiingie. Piga kelele, ita wazima moto au piga simu 999, na uwazuie wengine wasikaribie.

Hatari ya pili ni kwa jirani. Uchafu wa ndoo hauendi mbali. Humwagwa mtaroni, mtoni au katika shimo la karibu. Kipindupindu, homa ya matumbo na ugonjwa wa kuhara hufuata njia hiyo hiyo hadi kwenye kikombe cha mtoto. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Kenya mwezi Oktoba 2022 uliendelea hadi mwaka 2023 na kufika kaunti nyingi. Mayai ya minyoo nayo huweza kuishi udongoni miezi mingi, hata miaka. Pwani hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ardhi ya mawe ya matumbawe ina nyufa ambazo maji machafu hupita upesi hadi visimani.

Ufanye nini basi? Tafuta mwenye gari la kunyonya maji taka aliye na leseni. Kanuni za Udhibiti wa Taka za mwaka 2006 ziliweka sharti kwamba anayesafirisha taka awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA. Ikiwa hujui pa kuanzia, muulize bwana afya wa eneo lako au kampuni ya maji ya kaunti yako.

Kabla ya kupatana bei, muulize maswali haya bila haya:

Leseni yako iko wapi? Isome tarehe, na ulinganishe nambari ya gari iliyoandikwa na ile iliyo mbele yako.

Utaumwaga wapi uchafu huu? Jibu la kweli hutaja mahali: Nairobi kuna mabwawa ya kusafishia maji taka ya Ruai, Mombasa kuna Kipevu, na Kisumu kuna Nyalenda. Anayejibu "usijali, mama" ana nia ya kwenda mtoni.

Gari lako hubeba lita ngapi? Pima tangi lako mwenyewe. Tangi la urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 1.5 huchukua lita 9,000. Gari la lita 10,000 humaliza kwa safari moja. Ukiambiwa ni safari tatu, uliza sababu.

Wafanyakazi wako wana nini cha kujikinga? Wawe na glavu, buti za mpira na mavazi ya kazi. Mpira wa gari ndio unaoingia tangini, si mtu.

Siku ya kazi, waweke watoto mbali na usiruhusu moto karibu. Hakikisha tope la chini limenyonywa, maana wengine huchukua maji ya juu na kuondoka. Mwambie fundi aangalie nyufa na mabomba ya kuingilia na kutokea. Usimwage dawa ya kuulia viini tangini, kwa sababu huua bakteria wanaokufanyia kazi. Kama tangi ni la plastiki na mvua ni nyingi, lisiachwe tupu, kwani maji ya ardhini yanaweza kuliinua. Kisha mfuniko urudishwe barabara, na udai risiti yenye tarehe. Iweke, ndiyo itakayokukumbusha zamu ijayo.

Tangi likijaa tena baada ya siku chache, usiite gari mara ya pili kwa haraka. Huenda shimo la kufyonzea limeziba au maji ya ardhini yanaingia. Hiyo ni kazi ya fundi.

Na wewe mpangaji usinyamaze. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya usafi wa kiwango kinachofaa. Mwenye nyumba akikupuuza, mwone afisa wa afya ya umma. Nawe timiza wajibu wako: usitupe nepi, sodo, vitambaa wala mafuta ya kupikia chooni.

Hesabu gharama ya gari, uigawe kwa miezi ya miaka mitatu, na ulinganishe na gharama ya kulaza mtoto mmoja hospitalini kwa kipindupindu. Kisha nenda uani leo, ukautazame ule mfuniko.