Mwalimu wa Kiingereza na Insha ya Kuombea Chuo

Wasomaji wengi hudhani kwamba kazi ya mwalimu wa Kiingereza huisha wanafunzi wakimaliza mtihani wa Kidato cha Nne. Lakini katika vijiji vya mtoni, kama Hewani karibu na Garsen, mara nyingi ni yeye anayeombwa kusoma fomu za vyuo na kumweleza kijana na mzazi wake maana yake.

Kwa vyuo vya Kenya shida si kubwa. Idara ya KUCCPS, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2012, hugawa nafasi kwa kufuata alama na uchaguzi wa mwanafunzi. Mwenye C+ na zaidi aweza kuomba digrii. Insha haitakiwi.

Vyuo vya Marekani ni habari nyingine. Vingi hupokea fomu moja ya pamoja, yenye insha isiyozidi maneno 650, ambayo mwombaji hujieleza mwenyewe. Hapo ndipo vijana wetu hukwama, kwa kuwa wamezoea insha ya mtihani: methali mwanzoni, jua linachomoza, na maneno makubwa ya kukariri. Msomaji wa chuoni ataka kujua huyu aombaye ni nani.

Tuseme msichana ameandika kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Mwalimu mwema hatamwandikia nyingine. Atamwuliza: Mto Tana ulipofurika mwisho wa mwaka 2023, wewe ulikuwa wapi? Vitabu vyako uliviweka juu ya nini? Mbegu za mpunga nani alizivusha? Msichana atacheka kwanza, akidhani mambo hayo hayafai kuandikiwa chuo. Kisha ataanza kusimulia. Hapo mwalimu na anyamaze, asikilize.

Wako wazazi watakaosema, "Mwalimu, Kiingereza unakijua, mwandikie tu mtoto." Ombi hilo ni la upendo, lakini ni la hatari. Fomu humtaka mwombaji athibitishe kwamba maneno ni yake, na akiitwa kwenye mahojiano atajibu nini?

Tena kuna jambo la tarehe. Vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, na matokeo yetu huenda hayajatoka au yametoka juzi tu. Kwa hiyo yafaa insha ianzwe Kidato cha Tatu, jioni baada ya masomo, wala si siku ya matokeo.