Lubumbashi: ukishapunguza kilo, upande kwenye mizani mara ngapi?

Mama wa Lubumbashi anajua kupima uzito tangu zamani. Kuanzia siku mtoto anapozaliwa mpaka anapofikia miaka 5, kituo cha afya kinamuita mara kwa mara: mtoto anawekwa kwenye mizani, muuguzi anaandika kilo kwenye karte, anatia nukta, kisha anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama anarudi nyumbani na furaha. Ukilala ao ukishuka, anaulizwa maswali. Hakuna anayengojea mbavu za mtoto zionekane ndipo akampime.

Kwa watu wazima mambo ni mengine kabisa. Wengi wetu tunapanda kwenye mizani siku munganga anapotuambia tupande, na mara nyingi ni kwa sababu tansio imepanda ao sukari imeonekana katika damu. Munganga anasema: punguza kilo. Mtu anakata bukari ya usiku, anaacha Simba ya jioni, anaanza kutembea kwa miguu kutoka Katuba mpaka mjini. Miezi 6 inapita, kilo 8 zimeenda, tansio imeshuka, kila mtu anamupongeza. Rejimu imekwisha, na mizani inasahauliwa. Mwaka mmoja mbele, vikwembe vinaanza kubana tena.

Makala hii inaangalia kipindi hicho cha pili, kile ambacho watu hawakisemi sana. Mtu aliyekwisha kupunguza kilo, ajipime mara ngapi ili zisirudi?

Kwanza tuelewe kwamba kilo zinazorudi hazirudi kwa sababu mtu ni mlafi ao hana nia. Mwaka 2011, watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha kazi yao juu ya watu 50 walioingia katika rejimu kali ya majuma 10. Waliwapima damu kabla ya rejimu, mara tu baada yake, na tena mwaka mmoja baadaye. Homoni zinazoamsha njaa zilikuwa zingali juu mwaka mzima baada ya rejimu, na watu wenyewe walisema wanasikia njaa kuliko mbele. Juu ya hayo, mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kuliko mwili mzito, kama vile pikipiki inavyokunywa mafuta kidogo kuliko kamyo. Sahani ile ile iliyokutosha zamani bila kukunenepesha, leo inazidi. Na inazidi polepole sana: nusu kilo mwezi huu, nusu kilo mwezi ujao. Macho hayaioni. Suruali inaiona, lakini imechelewa, na libaya la kitenge likiwa pana haliioni kabisa.

Ndiyo maana watafiti wakaanza kuuliza kama mizani inaweza kuiona mapema.

Kazi inayojulikana sana ni ile iliyoongozwa na Rena Wing katika jimbo la Rhode Island, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2006. Walichukua watu 314 waliokuwa wamepunguza angalau asilimia 10 ya uzito wao katika miaka 2 iliyotangulia, wakawagawa katika vikundi 3 na kuwafuata kwa miezi 18. Kikundi cha kwanza kilipewa barua za maelezo tu. Cha pili kilifundishwa kwa njia ya intaneti. Cha tatu kilikutana uso kwa uso na walimu. Vikundi hivyo viwili vya mwisho vilifundishwa kujipima na kusoma kilo zao kwa rangi, kama taa za barabarani. Ukiwa hujapita kilo 1,4 juu ya uzito uliofikia, uko kwenye kijani: endelea. Kati ya kilo 1,4 na 2,2 ni manjano: chunguza unachokula na unavyotembea. Kuanzia kilo 2,3 ni nyekundu: rudia sasa hivi yale uliyofanya wakati wa kupunguza.

Baada ya miezi 18, kati ya watu 100 waliopewa barua tu, 72 walikuwa wamerudisha kilo 2,3 ao zaidi. Kwa wale wa intaneti walikuwa karibu 55, na kwa wale waliokutana uso kwa uso walikuwa karibu 46. Katika vikundi viwili vilivyofundishwa, waliojipima kila siku ndio waliokuwa na hatari ndogo ya kuona kilo zikirudi.

Hapo kuna jambo ambalo watu wengi wanaliruka wanapoelezea utafiti huo. Faida ya kujipima ilionekana kwa wale waliojua la kufanya namba inapopanda. Kupanda kwenye mizani, kutikisa kichwa na kwenda kula kunakupa habari tu. Mizani haikondeshi mtu.

Marekani kuna pia daftari kubwa lililofunguliwa mwaka 1994 kwa watu waliopunguza angalau kilo 13,6 na kukaa hivyo mwaka mmoja ao zaidi. Robo tatu yao wanasema wanajipima angalau mara moja kwa juma. Ni kweli, hao ni watu waliojiandikisha kwa hiari yao, na pengine mtu ambaye kilo zake hazipandi ndiye asiyeogopa mizani. Lakini katika daftari hilo hilo ilionekana kwamba wale waliopunguza mazoea ya kujipima waliongeza kilo kuliko wengine.

Basi jibu? Mara moja kwa juma ndiyo chini kabisa. Kila siku ni bora kwa yule anayeweza kuangalia namba bila kuharibikiwa siku yake. Mara moja kwa mwezi, kama tunavyofanya kwa watoto, haitoshi kwa mtu mzima anayelinda kilo. Katika mwezi mmoja, anaweza kutoka kijani mpaka nyekundu bila kuona manjano.

Sasa tuje kwenye sahani ya kwetu, maana ndiko watu wanakokatia tamaa. Umejipima siku ya Posho asubuhi. Mchana kuna ndoa, usiku michopo, bukari, samaki wa chumvi. Siku ya Yenga asubuhi mizani inasema umeongeza kilo moja na nusu. Je, ni mafuta? Hesabu ni nyepesi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori karibu 7.700. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori karibu 360. Ili uongeze kilo moja ya mafuta kwa usiku mmoja, ungepaswa kula zaidi ya kilo 2 za unga mkavu, juu ya chakula chako cha kawaida. Hata katika kilio cha siku tatu, hakuna anayefikia hapo.

Iliyoongezeka ni maji zaidi. Chumvi inashika maji mwilini. Wanga wa bukari, wa mkate na wa mihogo unawekwa kama akiba katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na karibu gramu 3 za maji. Kwa sababu hiyo pia, mtu anayeacha bukari ghafla anapoteza kilo 2 katika siku chache na kudhani amepata dawa, kumbe maji ndiyo yametoka. Wanawake wengi wanaongeza kilo kidogo karibu na siku zao, na kwao ni vizuri kulinganisha juma la mwezi huu na juma lile lile la mwezi uliopita. Hata siku za juma zina tabia yake. Watafiti waliofuata watu wazima 80 waliona, mwaka 2014, kwamba uzito unapanda mwisho wa juma na kushuka kati ya siku za kazi. Ukijipima siku ya Tano juma hili, na siku ya Kwanza juma lijalo, utajidanganya mwenyewe bila mtu kukusaidia.

Kwa hiyo chagua siku moja na saa moja: asubuhi, baada ya kwenda choo, kabla ya chai, na nguo nyepesi. Andika namba. Usiamini namba moja. Angalia kama tatu zinafuatana kupanda.

Na uchague mizani moja. Wamama wanaonunua unga sokoni wanajua kwamba meka ya huyu na meka ya yule hazilingani kila mara, na kwamba kuna mkono unaojaza na mkono unaopangusa. Mizani nazo ni hivyo. Ile ya kijana anayeketi kando ya barabara, ile ya farmasi na ile ya hospitali zinaweza kutofautiana kwa kilo moja ao mbili, na kilo mbili ndizo zote tunazotafuta. Kama huna mizani nyumbani, si lazima ununue. Rudi kwa kijana yule yule, siku ile ile, saa ile ile, na viatu uvue. Mizani ya sindano irudi kwanza kwenye sifuri, na iwekwe kwenye sima ao kwenye ubao, si juu ya mchanga. Mwenye kujipima hivi hataweza kufanya hivyo kabla ya chai, lakini akifanya namna moja kila juma, namba zake zitalinganishwa bila shida.

Kuna kizuizi kingine ambacho watafiti wa Marekani hawakukiandika: jirani. Hapa kwetu mtu akikonda anaulizwa anaumwa nini. Mke akikonda, ndugu wanamuangalia mume. Hilo lina mizizi. Mji huu ulikulia kwenye posho ambayo Union Minière, na baadaye Gécamines, waligawia wafanyakazi, na neno lenyewe limebaki katika jina la siku ya sita ya juma. Mtu mwenye mwili alikuwa mtu mwenye kazi. Kisha kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990 na familia nyingi zikabaki kula mara moja kwa siku, kukonda kulikuwa ni kukosa. Huwezi kumlaumu mama mkwe aliyepitia miaka hiyo akikusukumia kipande kingine cha bukari.

Lakini magonjwa yamebadilika. Mwaka 2017 jarida la kiganga Pan African Medical Journal lilitoa utafiti juu ya unene, sukari na tansio kwa wafanyakazi wa migodi hapa Kongo, na yote matatu yalikuwepo. Aliyepunguza kilo kwa ajili ya tansio na kuzirudisha, mara nyingi tansio nayo inarudi. Kumwambia mama mkwe mapema, mbele ya kuanza, kwamba ni munganga aliyeomba, kunaondoa maneno mengi.

Naye jirani pengine ana haki siku moja. Kama kilo zinashuka bila wewe kutaka, hiyo si habari njema hata kama tumbo lilikuwa linakusumbua. Wanganga wanahesabu hivi: kupoteza asilimia 5 ya uzito katika miezi 6 mpaka 12 bila kukusudia kunahitaji uchunguzi. Kwa mtu wa kilo 80, ni kilo 4. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa kifua kikuu, ambacho dawa zake zinatolewa bure na programu ya taifa. Karatasi uliyoandikia kilo zako itamusaidia munganga kuliko kusema "nimekonda kidogo."

Kujipima kila siku hakumfai kila mtu. Kijana anayekua, mama mwenye mimba na mtu aliyewahi kujinyima chakula mpaka kuumwa wasifuate ushauri huu bila munganga. Wapo pia ambao namba ikipanda kwa nusu kilo wanakosa usingizi, ao wanakaa na njaa kutwa nzima kisha usiku wanakula mara mbili. Kwa hao, mara moja kwa juma inatosha, na mkaba wa suruali unaweza kusaidia kati ya hapo.

Kinyume chake, mgonjwa ambaye moyo wake umechoka anapaswa kujipima kila asubuhi, na sababu yake ni maji. Akiongeza zaidi ya kilo 2 katika siku 3, maji yanajaa mwilini na anapaswa kumuona munganga haraka, bila kungojea miguu ivimbe.

Inabaki mwezi wa 12, ambao kwa wengi unaharibu kazi ya mwaka mzima. Watafiti wa Georgia, Marekani, walichapisha mwaka 2019 kazi juu ya watu wazima 111 waliofuatwa wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka. Nusu yao walipewa mizani, wakajipima kila siku na kuona mstari wao ukichorwa. Nusu nyingine waliendelea na maisha yao. Hao wa pili waliongeza zaidi ya kilo 2. Waliojipima walibaki karibu pale walipokuwa, na hawakupewa rejimu yoyote. Waliambiwa tu wajaribu kutopita kilo za mwanzo; namna ya kufanya, kila mmoja alijitafutia. Kuna aliyepunguza chakula kesho yake, na kuna aliyetembea zaidi.