Fundi Seremala Asiyetengeneza Kila Kitu

Kando ya barabara za Keko jijini Dar es Salaam, na kwenye ukingo wa Ngong Road jijini Nairobi, samani za mikono hupangwa nje tangu asubuhi: vitanda, makabati, meza za kulia, makochi ambayo bado hayajavikwa kitambaa. Mteja akifika, mara nyingi hachagui kilichopo. Hutoa simu, huonesha picha ya sofa aliyoiona mtandaoni na kuuliza kama inawezekana. Jibu karibu kila mara ni kwamba inawezekana. Ufundi upo, na pengine sofa hiyo itatoka ikifanana sana na picha. Lakini jibu hilo, likitolewa kwa kila mteja na kwa kila picha, ndilo linaloifanya karakana ibaki na ukubwa uleule miaka nenda miaka rudi. Ninachotetea hapa ni kwamba fundi seremala anayetaka kukuza biashara yake aanze kwa kupunguza anachotengeneza. Achague samani mbili au tatu, azirudie mpaka azijue kwa kila kipimo, kisha hizo ndizo azitangaze.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Tuseme kitanda kinauzwa shilingi 450,000 za Tanzania, na mbao, gundi, msasa na vanishi vimekula 250,000. Zimebaki 200,000. Fundi aliyekwisha kukitengeneza mara nyingi, mwenye violezo vyake ukutani vya miguu, kichwa na mbavu za kitanda, atakimaliza kwa siku nne, na kila siku itakuwa imemlipa 50,000. Aliyeanza na picha ya simu atapima upya, atakosea ukubwa wa kichwa, atakata ubao mwingine na kumaliza siku ya kumi. Kila siku imemlipa 20,000, na humo bado hajatoa pango, umeme wala posho ya msaidizi. Bei ni ileile, mteja ni yuleyule, na wote wawili watasema wameuza kitanda. Fundi wa siku kumi hajui kwamba amekaribia kufanya kazi bure, kwa sababu kila oda yake ni ngeni na hakuna ya kulinganisha nayo. Akipungukiwa, hupokea advansi ya mteja mpya ili amalizie kazi ya mteja wa zamani. Hapo ndipo zinapozaliwa zile ahadi za "njoo Ijumaa" ambazo zimewachosha watu kuliko kasoro yoyote ya ufundi wenyewe.

Sababu ya pili imo ndani ya mbao, na nadhani ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mti ukipasuliwa huwa umejaa maji. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, ubao huanza kusinyaa, si kwa urefu bali kwa upana, na huendelea mpaka ulingane na hewa ya mahali ulipo. Samani za ndani ya nyumba zinataka ubao uliofika kati ya asilimia 12 na 15, au chini ya hapo penye ukavu. Meza iliyotengenezwa kwa mbao mbichi huondoka karakanani ikiwa imenyooka, kisha hupasuka sebuleni kwa mteja, au viungo vyake hulegea na kuanza kulia. Miti haifanani: mninga unasifika kwa kutocheza sana baada ya kukauka, ilhali ubao wa mpaini uliofika sokoni ukiwa bado mbichi unaweza kujipinda vibaya usipopangwa vizuri. Dawa inajulikana. Mbao hupangwa juu ya vijiti, mbali na ardhi, chini ya paa, hewa ipite kila upande, na ziachwe kwa wiki nyingi au miezi kulingana na unene. Ila huwezi kukausha leo mbao za samani usiyojua kama itaagizwa kesho. Fundi wa kila kitu hununua mbao baada ya kupokea oda, na kwa kuwa mteja anasubiri, huzitumia mbichi. Mwenye kujua kwamba mwezi huu na ujao atatengeneza vitanda vya aina moja anaweza kununua mapema, kwa vipimo vinavyojulikana, akaziacha zikauke huku akitumia zile za awali.

Ndipo tunapofika kwenye matangazo, ambako wengi wangependa kuanzia. Kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp zimejaa picha za samani zisizo na bei, chini yake maneno "bei njoo inboksi". Nyingi ya picha hizo si kazi ya mwenye ukurasa. Zimechukuliwa kwa watengenezaji wa Uturuki au China. Tangazo la namna hiyo linaahidi kitu ambacho karakana haijawahi kukijaribu. Mwenye samani zake chache anaweza kupiga picha ya kazi aliyoifanya mwenyewe, akaandika urefu, upana, aina ya mbao, bei na siku za kusubiri, na tangazo hilohilo likamfaa mwaka mzima. Anaweza hata kuandika kwamba kiungo kikilegea ndani ya mwaka mmoja atakirekebisha bila malipo, kwa kuwa anajua hakitalegea. Wanaolalamikia samani za kutoka nje husema mteja wetu anapenda vya kigeni. Mimi naona tunamdhulumu mteja huyo. Makabati mengi ya dukani ni ya mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi, na yakiloa maji huvimba na kubomoka. Wengi wanalijua hilo na bado wanayanunua, kwa sababu dukani bei imeandikwa na kabati linaondoka leo. Wananunua uhakika. Hilo fundi wa mtaani anaweza kulitoa pia, lakini si kwa samani ambayo hajawahi kuitengeneza.

Wapo watakaosema kwamba kurudia kitu kimoja ni kazi ya kiwanda, na kwamba fahari ya kazi ya mikono ni kutofanana. Mafundi wa pwani wanatupa jibu lingine. Kiti cha enzi cha Lamu kina umbo lake linalotambulika, na milango ya Zanzibar ina mpangilio wa fremu na mabamba unaorudi nyumba baada ya nyumba. Wepesi wa mkono wa mchongaji ulikomaa ndani ya umbo lililokwisha kuzoeleka, na humo ndimo kila mmoja alimoonesha ustadi wake. Kurudia hakuui ufundi. Kinachouua ni haraka, na oda ngeni isiyo na bei sahihi huleta haraka kila siku.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la tumbo. Fundi mwenye kodi ya pango wiki hii hawezi kumrudisha mteja mwenye pesa mkononi eti kwa sababu anataka kabati na yeye ameamua kutengeneza vitanda. Ni kweli, na sisemi amrudishe. Apokee kazi hiyo, lakini aipangie bei inayobeba siku za kujifunza na mbao zitakazoharibika, na amwambie mteja wazi kwa nini ni ghali kuliko kitanda kilicho tayari. Baadhi watalipa, baadhi wataangalia kitanda. Uamuzi wa kupunguza unafanywa polepole: kila wiki yenye nafasi, samani moja ya aina iliyochaguliwa itengenezwe kabla ya kuagizwa.

Kuna pia hofu ya kuigwa. Keko karakana zimebanana, na umbo linalouzwa vizuri leo litaonekana kwa jirani upesi. Waumini wa dhehebu la Kikristo la Shaker wa Mount Lebanon, New York, walikutana na tatizo hilo katika karne ya 19. Walitengeneza viti vya umbo moja kwa ukubwa uliopewa namba, kuanzia 0 hadi 7, wakaviuza kwa katalogi yenye bei. Walipoigwa, walibandika nembo yao kwenye viti na kuwaonya wanunuzi wasikubali kisicho na nembo. Kwa fundi wa Tanzania, jina la biashara na alama vinaweza kusajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na chuma cha moto chenye jina hilo, kikipigwa chini ya kila samani, huacha alama ya kudumu. Jirani ataiga mguu wa meza. Kuiga mbao zilizokaushwa kwa miezi kutamgharimu miezi ileile.

Ya kuanza nayo yachaguliwe kwa busara. Kitanda kina faida moja kubwa: watengenezaji wa magodoro wamekwisha kutupangia vipimo, futi 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6, na hakuna mteja atakayebishana navyo. Meza ya kulia na viti vyake ni kazi nzuri ila inataka viungo makini, maana kiti hubeba mtu anayejitikisa kila siku. Pesa ya kwanza ya ziada ikipatikana, wengi hukimbilia mashine. Ningeshauri inunue mbao. Mashine ya kuranda ipo kwa jirani na hulipiwa kwa kazi, ilhali muda wa kukauka haukodishwi popote. Stoo yenye paa zuri na mbao za miezi mitatu mbele, kila rundo limeandikwa tarehe lilipoingia, itamwezesha fundi kumtajia mteja siku ya kuchukua kitanda chake, na siku hiyo kitanda kikawa tayari.