Mustang ya Mashindano: Uunde Ipi, kwa Fedha Gani?

Anayetaka kushindana angani na ndege yenye umbo la P-51 Mustang, ile ya kivita ya Marekani, ajibu maswali mawili kabla ya kutoa fedha: atashindana daraja gani, na ataimudu injini ipi? Wengi huvutwa kwanza na umbo, na injini ndiyo inayokuja kuwafilisi.

Mashindano makubwa ya Marekani yalifanyika Reno, Nevada, tangu 1964 hadi 2023, kisha yakahamia Roswell, New Mexico, mwaka 2025. Ndege huzunguka nguzo zikiwa karibu na ardhi, kila daraja na masharti yake.

Mustang halisi
Bei yake huvuka dola milioni 2. Hushindana daraja la Unlimited. Injini yake ya Merlin, silinda 12 na lita 27, hunywa zaidi ya lita 200 za petroli kwa saa hata katika safari ya kawaida. Kuifumua na kuitengeneza upya hupita dola 100,000, na mbio huileta siku ya matengenezo hayo mapema. Hii ni ya tajiri mwenye mafundi wake.

Thunder Mustang
Ni nakala ya robo tatu ya ukubwa wa ile halisi, mwili wake ni wa nyuzi za kaboni, laini bila ribiti. Injini ya Falconer, silinda 12 za umbo la V, hutoa nguvu za farasi 640 hivi. Daraja lake ni Sport, la ndege zinazoundwa na wamiliki kutokana na seti za vipande. Andaa dola laki kadhaa. Zilizoundwa ni chache, kwa hiyo tarajia kununua ya mtu mwingine, na hakikisha una pa kupata vipuri vya injini kabla ya kusaini mkataba.

Titan T-51
Nayo ni ya robo tatu, lakini ya alumini, na magurudumu yake hujikunja. Kwa kawaida hufungwa injini ya Rotax ya nguvu za farasi 100, inayotosheka na lita 20 na ushee kwa saa. Ikikamilika hupita dola 100,000. Inapendeza na haikutesi kwa mafuta, ila haina mbio: daraja la Sport lina ndege zinazovuka kilomita 480 kwa saa, nayo haifiki hata 350.

Cassutt
Haifanani na Mustang, lakini mwenye mfuko mdogo aiangalie. Ina kiunzi cha mabomba ya chuma na bawa la mbao, na hushindana daraja la Formula One kwa injini ya Continental O-200, jamii ile ile iliyomo kwenye Cessna 150 za vyuo vya urubani. Iliyotumika hupatikana kwa makumi ya maelfu ya dola, na mafundi wanaoijua injini hiyo ni wengi.

Pasipobanwa bajeti
Sheria ya Marekani hutaka zaidi ya nusu ya kazi ya kuunda ndege ya seti ifanywe na waundaji wasio wa biashara. Huwezi kumwachia fundi wa kulipwa kila kitu, kwa hiyo muda wako nao ni gharama. Tena usibane kwenye vitu vidogo. Mwaka 2011 Mustang iliyofanyiwa mabadiliko makubwa ilianguka Reno, wakafa watu 11. Uchunguzi ulikuta nati kuukuu za kujikaza zimechakaa, skrubu zikalegea kwenye kibawa kidogo cha mkiani. Nati hizo ni za bei ndogo mno. Rahisi ni ghali.

Uamuzi
Ukitaka umbo na mbio pamoja, chukua Thunder Mustang, na utenge akiba ya injini kabla ya rangi na mapambo. Ukitaka umbo tu, Titan yatosha, lakini usiipeleke mashindanoni. Na kama shabaha yako ni kushindana mwaka hadi mwaka bila madeni, nunua Cassutt.