Simbilisi wa mwanao ana kidonda mguuni? Usimpe dawa iliyobaki kabatini

Mzazi, fungua kabati lako la dawa. Huenda utakuta vidonge vya amoksilini vilivyobaki mtoto alipougua kifua mwezi uliopita. Alipata nafuu siku ya nne, dozi ikaachwa njiani. Siku mnyama wa mtoto anapoumwa mguu, vidonge hivyo ndivyo vinavyokumbukwa kwanza.

Kama mnyama huyo ni simbilisi, viache hapo hapo. Amoksilini, ampisilini na penisilini zinazowasaidia binadamu zinaweza kumuua simbilisi ndani ya siku chache, na kidonda chenyewe huwa bado hakijapona. Jambo hili si geni. Watafiti waliliandika tangu mwaka 1943, penisilini ilipokuwa bado dawa mpya.

Sababu iko tumboni. Simbilisi anakula majani, na utumbo wake unategemea bakteria wazuri wanaosaga chakula hicho. Dawa hizi huwaua bakteria hao, kisha wabaya huzaliana na kutoa sumu. Mnyama huacha kula, huharisha, hulegea, na mara nyingi hafiki kwa daktari. Erithromaisini na klindamaisini nazo zina hatari hiyo hiyo.

Kidonda huanzaje?

Kama umewahi kumuuguza mgonjwa wa kitandani, kidonda hiki unakijua. Ngozi ikigandamizwa mahali pamoja kwa muda mrefu, damu haipiti vizuri, na mwisho ngozi hufunguka. Kwa mgonjwa hutokea kiunoni na visiginoni. Kwa simbilisi hutokea kwenye nyayo, kwa sababu hazina manyoya na ndizo zinazobeba uzito wake wote.

Wanaoumia zaidi ni wanaokaa juu ya wavu wa waya, saruji tupu au matandiko yaliyolowa mkojo. Unene huongeza mzigo. Kucha zilizorefuka na kujikunja humfanya akanyage vibaya. Ngozi ikishachubuka, bakteria huingia, hasa wale wa jamii ya stafilokokasi, ambao hata sisi tunao kwenye ngozi zetu.

Sababu nyingine ni upungufu wa vitamini C. Kama sisi, simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini hii mwilini. Mwaka 1907, watafiti Axel Holst na Theodor Frølich wa Norway waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakapata kiseyeye kama mabaharia wa zamani. Bila vitamini C ngozi huwa dhaifu na kidonda hakifungi. Ndiyo maana simbilisi anayekula pumba na mahindi peke yake huwa na vidonda visivyopona.

Dalili za kuangalia

Mgeuze mnyama mara moja kwa wiki, umshike kwa mikono miwili, uangalie nyayo zote nne. Mwanzoni utaona wekundu au ngozi inayong'aa, au sugu ngumu. Hapo bado ni mapema, na mabadiliko ya banda na chakula yanaweza kutosha.

Baadaye unyayo huvimba na kuwa na kigaga cheusi katikati. Mnyama hatembei kama zamani, hulia akiguswa, au hukaa kona moja. Ukiona usaha, damu au uvimbe wa moto, usisubiri. Maambukizi yakifika kwenye mfupa tiba huwa ngumu, na wakati mwingine daktari hulazimika kukata mguu.

Unachoweza kufanya leo

Anza na sakafu. Ondoa wavu au ufunike. Tandika nyasi kavu kwa wingi juu ya kitambaa laini au maranda yasiyo na vumbi. Toa sehemu zilizolowa kila siku. Ukitibu mguu kisha ukamrudisha mnyama juu ya waya, kidonda kitarudi.

Safisha unyayo mara mbili kwa siku. Chemsha maji, yaache yapoe hadi uvuguvugu, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe kimoja, kisha loweka mguu kwa dakika chache. Unaweza pia kutumia dawa ya vidonda ya iodini, lakini ichanganye na maji hadi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Kausha vizuri kwa shashi safi, kwa sababu ngozi yenye unyevu huharibika zaidi.

Usibandue kigaga wala kutumbua uvimbe. Unyayo una mishipa mingi ya damu, na mnyama mdogo kiasi hiki hahitaji kupoteza damu nyingi ili awe hatarini. Usipake krimu zenye steroidi, kwa kuwa huchelewesha kupona na mnyama atazilamba. Usimpe diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu.

Kwenye chakula, majani mabichi na nyasi ziwepo muda wote. Simbilisi anahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mkubwa huwa na gramu 700 hadi 1,200. Vipande vya pilipili hoho kila siku vinasaidia sana, pamoja na sukuma wiki na kipande kidogo cha pera. Usitegemee kuweka vitamini kwenye maji ya kunywa, kwani huharibika haraka na huwezi kujua amekunywa kiasi gani.

Daktari wa mifugo atafanya nini?

Mpeleke kwa daktari wa mifugo, au muulize ofisa mifugo wa kata yako daktari aliye karibu. Mweleze wazi kuwa ni simbilisi, si sungura, na utaje dawa yoyote uliyokwisha kumpa. Daktari atampima uzito, ataangalia kidonda na pengine kuagiza picha ya eksirei ya mfupa. Zipo dawa za bakteria ambazo simbilisi huzivumilia, kama enrofloksasini au mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa, na meloksikamu kwa maumivu. Kiasi hupangwa kwa gramu za mnyama husika, hivyo usikikadirie mwenyewe. Akifungwa bendeji, ibadilishe kama ulivyoelekezwa na isilowe.

Jiandae kwa muda mrefu. Kidonda kilichoingia ndani kinaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Maliza dozi hata unyayo ukionekana mzuri.

Akiacha kula au kutoa kinyesi, usingoje kesho. Simbilisi asiyekula kwa saa 12 tayari yuko hatarini, kidonda kiwe kikubwa au kidogo.

Na mtoto je?

Mtoto anaweza kusaidia kutandika nyasi na kukata hoho, lakini kusafisha kidonda ni kazi ya mtu mzima. Vaa glavu, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika mnyama. Mtoto mwenye mchubuko mkononi aufunike kwanza. Akitokewa na jipu au upele baada ya kumhudumia mnyama, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu kuwa nyumbani kuna simbilisi anayeugua.

Vile vidonge vya kabatini navyo visikae. Virudishe kwenye duka la dawa au kituo cha afya uulize namna ya kuviteketeza. Safari nyingine mtoto akiandikiwa dozi ya siku saba, aimalize yote.