"Nilizani uko naye": kwa nini mtoto anayependwa anaachwa nyuma



Nilikuwa mwaka wa tatu wa iniversite, hapa Bukavu. Siku moja, saa nane na nusu ya mchana, yaya yangu akanipigia simu: "Mutoto amekula?"

Nikamuuliza: "Mutoto gani?"

Kimya. Kisha: "Si nilikuambia asubui umukamate ku masomo?"

Asubuhi nilikuwa nimemjibu "tutaona". Yeye alisikia "ndiyo". Shemeji naye alizani ni dada wa kazi ndiye ataenda, na dada wa kazi alijua ni mimi. Masomo ya watoto wadogo yanafungwa saa sita. Hesabu wewe mwenyewe.

Nilipanda moto ya kwanza niliyoona. Yaya alikuwa anapiga simu kila dakika mbili, neno ni lile lile: "Umefika?" Nilimkuta mtoto kwenye kibao cha sentineli, begi mgongoni, anakula nusu ya hindi la kuchoma la yule mzee. Miaka minne. Akaniambia tu: "Tonton, bote balienda."

Ile usiku yaya hakunigombeza. Alikaa karibu na kitanda cha mtoto, akauliza swali moja ambalo mpaka leo linanifuata: "Na kama sentineli naye alikuwa ameenda?"

Sasa tujiulize: nani mbaya hapa? Watu wanne, wote wanampenda mtoto. Na ndiyo hatari yenyewe. Mtoto mwenye mtu moja wa kumwangalia, huyo mtu anajua akilala hakuna mwingine. Mtoto mwenye watu wanne, kila mmoja anaegemea wenzake.

Hii si mambo ya leo. Mu Injili ya Luka sura ya 2, Yosefu na Maria walitoka Yerusalemu baada ya Pasaka, wakatembea siku nzima wakizani Yesu, mwenye miaka 12, yuko na ndugu wengine mu msafara. Siku ya tatu ndipo walimkuta hekaluni. Na mwaka 2012 watu walijua kwamba David Cameron, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, aliacha binti yake wa miaka 8 kwenye baa walikokula na familia. Baba alikuwa mu gari moja, mama mu lingine. Kila mmoja alizani mtoto yuko kwa mwenzake. Mtu analindwa na askari usiku na mchana, na bado.

Kuna sababu nyingine, na hii iko mu kichwa. Ubongo una njia ya mazoea: inakuleta nyumbani bila kufikiri. Na una kumbukumbu ya jambo la kufanya baadaye, kama "leo nipitie ku masomo". David Diamond, mwalimu wa iniversite moja ya Florida, Marekani, amechunguza wazazi waliosahau watoto mu gari. Anaeleza kwamba mazoea yanaweza kushinda ile kumbukumbu, zaidi sana siku mtu amechoka, amelala vibaya, au programu ya siku imebadilika. Upendo haukupungua. Ila upendo haukumbushi saa.

Sasa weka juu ya hayo siku ya kukimbia. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbia usiku, wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi. Kesho yake UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 wametengana na familia zao, na zaidi ya 170 wanahofiwa kupotea. Mama ameshika mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Wa tatu "yuko na shangazi". Shangazi naye anasema hivyo hivyo.

Mzazi akigundua, mwili wake unabadilika: moyo unakimbia, mikono inatetemeka, anaona njia moja tu. Ndiyo maana anakimbia barabarani kabla ya kupiga simu pale alipomwacha mtoto. Wewe msomi uliye karibu, usimwambie "tulia". Mfanyie haya:

Kwanza, pigeni simu au mrudi pale mtoto alionekana mwisho. Mara nyingi mtoto mdogo hajaenda mbali.

Pili, mtu moja abaki nyumbani. Mtoto akiletwa akakuta mlango umefungwa, mnaanza upya.

Tatu, andikeni nguo aliyovaa na saa aliyoonekana, mu dakika za kwanza. Baadaye kila mtu atakumbuka rangi yake. Hiyo karatasi ndiyo mtapeleka kwa majirani, kanisani, msikitini, ku redio na polisi. Kama ni vita au volkano, nendeni pia kwa Msalaba Mwekundu. Kutafutia watu familia zao ni moja ya kazi yao.

Na kabla ya siku mbaya, fundisheni mtoto majina. Kwetu mtoto anaweza kuwa na jina ambalo si la baba wala la mama. Ukimuuliza "mama yako anaitwa nani?", anajibu "Mama Furaha", na Furaha ni yeye mwenyewe! Hapo jirani atafanya nini? Ajue jina kamili la mzazi, jina la avenue, na namba ya simu. Namba imbeni naye sawa wimbo, itaingia. Na mwambieni: ukiona umebaki peke yako, usitembee, baki pale, tutarudia pale pale.

Akipatikana, msimpige. Akichapwa kwa sababu amepatikana, siku nyingine atajificha.

Kwetu nyumbani yaya aliweka sheria moja. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, anauliza mbele ya wote: "Leo ni nani?" Haruhusu "tutaona". Mtu moja lazima aseme: "Ni mimi." Na mtoto naye anasikia jina.