Kahuzi: siku tatu mbali na karatasi

Mutu wa ofisi kule Bukavu anajua wiki yake mbele haijaanza. Jumatatu mukutano, Jumanne karatasi, Jumatano karatasi tena. Sisi wa ukurasa wa Kiswahili tunapokea matangazo ya Kifaransa, ya serikali, ya mashirika, ya wanasiasa wenye kulaumiana, na tunayageuza. Umeme ukikatika tunangojea jenereta. Jenereta ikikosa mafuta tunatoka inje, tunahesabu pikipiki zenye kupita. Kwa hiyo shefu aliposema kunahitajika habari juu ya pori la Kahuzi-Biega, na kwamba safari hii watu waende kujionea wenyewe, hakuna aliyeuliza pesa ya njia ni ngapi. Kwetu hiyo ni ajabu.

Tuliondoka saa kumi na mbili ya asubui, waandishi wawili, mupiga picha mumoja na dereva. Si mbali. Unafuata barabara ya Kavumu mupaka Miti, pale unakata kushoto, unapanda katikati ya mashamba ya chai, na kisha kilomita 30 na kidogo kutoka mujini uko Tshivanga, kwenye makao ya walinzi wa pori. Lakini hewa inabadilika kabisa. Ku Bukavu tuliacha jua. Hapa mwenzetu mumoja aliyekuja na shati la mikono mifupi alianza kuomba koti kwa kila mutu.

Kesho yake tulipanda mulima wenyewe. Kahuzi iko na mita 3 308, na ndugu yake Biega, aliye mufupi kidogo, iko na 2 790. Mulinzi aliyetutangulia alitutazama viatu, akacheka kidogo. « Hii mulima haipendake batu ba mbio », akasema. Alisema kweli. Mwanzo ni pori zito, kisha inakuja mianzi, mirefu, yenye kufungana juu mupaka mchana unakuwa kama jioni. Humo gorila wanafuata machipukizi wakati mvua inaanza. Juu zaidi miti inakuwa mifupi, na kuvu inaning'inia kwenye matawi kama ndevu za muzee. Rezo ilikatika mu mianzi. Mupiga picha aliinua simu juu, akazunguka nayo mara mbili, akaiweka mufukoni, na tangu hapo hatukusikia tena mutu akisema juu ya karatasi ya Jumatatu.

Ku kilele ukungu ulifunguka dakika chache tu. Tuliona ziwa Kivu, tukaona kisiwa cha Idjwi. Tulitafuta paa ya ofisi yetu. Hatukuiona, na hakuna aliyesikitika.

« Ninyi muko na kiti », mulinzi alituambia tulipoketi kula mukate. « Sisi hii njo biro yetu. » Naye iko na ripoti za kujaza: nyayo za gorila, mitego iliyotolewa, matanuru ya makala yaliyobomolewa. Anazunguka siku nyingi bila kuona nyumba. Wenzake wamekufa mu kazi hiyo, na alitaja majina yao polepole, bila sisi kumuuliza.

Pori hili lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Mubelgiji Adrien Deschryver ndiye aliyelipigania, na walioonyesha njia za gorila ni Batwa, sababu hakuna mutu aliyezijua kama wao. Mwaka 1975 likapanuliwa upande wa mabonde ya magaribi, likafika karibu kilomita za mraba 6 000. Mwaka 1980 UNESCO ikaliandika katika urizi wa dunia. Mwaka 1997, vita ikiwaka, ikaliweka kwenye orodha ya mahali penye hatari. Hayo yote tulikwisha kuyageuza kutoka Kifaransa, mara nyingi. Jambo ambalo matangazo yanapita haraka ni kwamba katika miaka ile ya 70 Batwa walitolewa mule ndani, na hawakupewa udongo mwingine.

Siku ya tatu tulikaa na muzee mumoja Mutwa, kando ya shamba ambalo si lake. Mwenzetu alianza kumuuliza juu ya « eneo lenye kuhifadhiwa », vile tunavyoandika siku zote. Muzee hakuelewa. Tukamuonyesha mulima kwa kidole.

« Aa, kwetu ! »

Akaendelea: « Baba yangu bamuzika mule ndani. Nikienda kutafuta dawa ya mutoto, baniita mwizi. »

Mwezi wa kumi 2018 familia za Batwa zilirudi porini kwa nguvu. Kukatokea mapigano, watu wakafa pande zote mbili, na miti mingi ikaanguka, sababu wafanya biashara wa makala na mbao waliingia nyuma yao. Mwezi wa tisa 2019 kukafanyika mazungumzo makubwa hapa Bukavu. Ahadi zilitolewa, muzee anaongoja bado shamba. Kwa upande wetu, hatuoni namna pori litapona kama mutu anayelijua zaidi anabaki kando ya barabara akilima kwa wengine. Lakini hatuwezi pia kumuambia yule mulinzi kwamba wenzake walikufa bure.

Kushuka tulisimama Miti, sababu dereva alitaka kununua kitu. Kando ya barabara mifuko ya makala ilipangwa mistari, imefungwa majani juu, yote yakingojea gari za kwenda mujini. Tuliuliza mama mumoja kama makala yake yanatoka mule ndani ya pori. Akatutazama kama watu wasiojua dunia.

« Babangu, ninyi mujini munapikiaka nini ? »

Tulicheka, yeye hakucheka. Dereva alikuwa amekwisha kupatana bei. Alinunua mufuko mumoja, tukamusaidia kuufunga juu ya gari, tukashuka.